Umepanga kolamu katika R? Jedwali lako bado halijabadilika

Hapa Mbeya, nikikaa na wanaochambua takwimu za mashamba, nakutana na imani moja: ukiandika amri ya kupanga kolamu katika R, lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu, ukaona mpangilio mpya kwenye skrini, basi kazi imekwisha. Sivyo.

Chukua jedwali la viazi mviringo vya Makete na Rungwe, tuliite viazi, lenye kolamu tatu: magunia, kijiji, wilaya. Ukiandika viazi[, c("wilaya", "kijiji", "magunia")], R inakuonyesha nakala iliyopangwa upya, kisha inaiacha ipotee. Jedwali lenyewe limebaki lilivyokuwa. Ili libadilike, anza na viazi <- halafu amri yako. Hako kamshale ndiko kanakohifadhi matokeo.

Wengine huogopa kwamba kuhamisha kolamu kutavuruga mistari, magunia ya Makete yaangukie Rungwe. Hapana, kolamu inahama nzima na kila mstari unabaki na thamani zake.

Hatari iko kwingine. Kolamu usiyoitaja inaachwa nje kimyakimya, na amri ya select ya dplyr, kifurushi cha nyongeza cha R, hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana napenda amri ya relocate, iliyokuja na toleo la 1.0.0 la dplyr mwaka 2020: relocate(viazi, wilaya) inaleta wilaya mbele, na zilizobaki zote zinaifuata kwa mpangilio wake.

Tena tumia majina, si namba. Faili la msimu ujao likija na kolamu ya tarehe mwanzoni, c(3, 2, 1) itakupa kijiji, magunia na tarehe, na wilaya hutaiona.