Demo ya sauti ni nini?

Kila mara napata kijana anayetaka kuanza kazi ya kuingiza sauti kwenye matangazo, filamu na vitabu, na karibu wote huanza na maneno yaleyale: "Watu wananiambia nina sauti nzuri." Mimi huuliza, demo yako iko wapi? Hapo wengi hunitumia sauti ya WhatsApp ya dakika nne, wakisoma habari ya gazeti tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo si demo.

Demo ya sauti ni rekodi fupi, sekunde 60 hadi 90, yenye vipande kadhaa vya usomaji tofauti, inayomwonyesha mwenye kazi kwamba ukipewa maandishi unajua la kuyafanya. Uzuri wa sauti ni wa Mungu, na kila mtaa wa Tanga una watu kumi wenye nao. Mwenye kazi anatafuta mtu atakayeyaelewa maneno aliyoandikiwa na kuyatoa kama yake.

Kwa hiyo kipande chako bora ndicho kinachotangulia. Anayesikiliza ana demo nyingine nyingi za kupitia, na sekunde kumi za mwanzo zisipomshika anahamia kwa mwenzako. Usianze na muziki, usianze na "hamjambo, mimi naitwa fulani". Anza kazi. Kila kipande kikae sekunde nane mpaka kumi na mbili, kisha kije kingine chenye hali nyingine kabisa: tangazo la sabuni lenye uchangamfu, maelezo ya chanjo yenye utulivu, bibi anayemgombeza mjukuu. Ukiwa na vipande sita vya mtindo mmoja, una kipande kimoja kilichorudiwa mara sita.

Ukiweza, tenga demo ya matangazo na demo ya uigizaji, maana wanaozitafuta si watu wamoja. Mwaka 2011 TBC, televisheni ya taifa ya Tanzania, ilipoonyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, watazamaji wetu walionja jambo ambalo leo ni la kila jioni, watu wa mbali wakigombana kwa Kiswahili sebuleni kwetu. Kazi hiyo inamtaka mwigizaji. Ndiyo maana namwambia anayeipenda aangalie mafunzo ya uigizaji, hata ikibidi kwenda TaSUBa kule Bagamoyo, chuo cha sanaa kilichoanza 1981, kabla ya kuhangaikia kununua maiki.

Usomaji ndiyo sehemu inayonipa shida zaidi na vijana. Chukua neno barabara. Sisi wa Ngamiani, hapa Tanga, tunaishi juu ya neno hilo, mitaa yetu inaitwa kwa namba: Barabara ya Nane, Barabara ya Tisa. Mkazo unakaa silabi ya pili toka mwisho, barabaRA hapana, baraBAra. Lakini "kazi imefanywa barabara" mkazo unarudi nyuma, baRAbara, na maana inakuwa "vizuri kabisa". Msomaji asiyetazama sentensi nzima kabla ya kufungua kinywa atamwambia msikilizaji kuwa fundi kaifanya kazi njiani. Vivyo hivyo "selasini" badala ya thelathini, au "zahabu" badala ya dhahabu. Watu wa mwambao hatukosi th, dh na gh, na hiyo ni mali. Usiitupe kwa kuiga watangazaji wa Dar es Salaam.

Kisha kuna muda. Kiswahili hubeba mengi katika neno moja: "hawatakusumbua" ni neno moja, Mwingereza anahitaji matano. Lakini neno letu ni refu kulitamka. Tangazo lililoandikwa kwa Kiingereza likitoshea sekunde 30, tafsiri yake mara nyingi hufurika. Anayeanza hukimbiza maneno mpaka hayasikiki. Aliyekomaa humwambia mwenye kazi kwa adabu, "Hapa tupunguze sentensi moja."

Mwaka jana alinijia binti mmoja, mwalimu wa chekechea. "Shikamoo kaka, nimeleta demo." Nikavaa hedifoni. Usomaji wake ulikuwa mtamu, hasa hadithi ya watoto, lakini nyuma yake pangaboi lilikuwa linavuma, na sauti ilirudi ukutani kama yumo ndani ya pipa. Alirekodi kwa simu, sebuleni, sakafu ya saruji, kuta tupu, juu bati. Nikamwambia, "Mdogo wangu, rudi ukarekodi chumbani, baada ya isha." Alisimamisha godoro ukutani, akatundika mablanketi mawili nyuma yake, akafungua kabati la nguo mbele yake, akazima pangaboi na kuvumilia joto. Simu ileile, kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni, imewekwa pembeni kidogo ili "p" na "b" zisiipulize. Ukisikiliza rekodi ya kwanza na ya pili, utaapa amenunua vifaa vipya.

Maiki nzuri ndani ya chumba kibaya hurekodi ubaya wa chumba kwa usahihi zaidi. Wanaokagua vitabu vya sauti vya ACX, jukwaa la mtandaoni la kutengeneza vitabu hivyo, wanataka kelele ya chumba ikae chini ya desibeli -60, yaani karibu kimya kabisa, na hapo hata friji ya chumba cha pili inahesabika. Kuhariri si lazima kugharimu; programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kabisa kwa kukata na kuunganisha.

Jambo moja nalisisitiza kwa moyo wote: usitie kwenye demo tangazo la kampuni halisi ambayo hukuifanyia kazi, ukaacha watu wadhani ulilipwa. Andika maneno yako mwenyewe, buni duka, buni dawa ya meno.

Ikija kazi, kabla ya kutaja bei uliza sauti itatumika wapi na kwa muda gani. Tangazo la gari la matangazo kwa siku mbili pale Makorora si sawa na la televisheni kwa mwaka mzima. Na siku hizi uliza pia, na jibu liandikwe, kama rekodi yako itatumika kufundishia kompyuta kusema kwa sauti yako.

Yule mwalimu demo yake ya pili ilikuwa ya sekunde 71. Hadithi ya watoto aliiweka mwanzo.