Mteja Anapodai Hela Yake: Migogoro ya Mitumba Inayouzwa Mtandaoni

Baridi ikianza kuuma Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Juni hivi, biashara ya masweta, makoti na majaketi ya mtumba huchangamka kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Balo linafunguliwa soko la Mwanjelwa, Mbeya, asubuhi, saa nne picha ziko kwenye stetasi za WhatsApp na kurasa za Instagram, na jioni vifurushi vinapakiwa kwenye mabasi ya Makete, Mafinga, Sumbawanga na Dar es Salaam. Siku chache baadaye huanza kuingia meseji za aina nyingine: limenibana, rangi siyo, zipu haifungi, nirudishie hela yangu.

Katika kituo chetu cha msaada wa kisheria hapa Mbeya, wengi wanaokuja na kesi za namna hii ni wauzaji wadogo: mwanafunzi wa chuo anayeuza magauni akiwa hosteli, mama mwenye mtaji wa balo moja. Ninaandika kwa ajili yao, ingawa mnunuzi naye atapata lake. Ninachotaka kukieleza kwa nguvu zangu zote ni kwamba ugomvi na mteja wa mtandaoni huamuliwa na maneno yaliyoandikwa kabla hela haijatumwa. Maneno hayo yakikaa sawa, ugomvi mwingi hautokei kabisa, na ule utakaotokea utakukuta una pa kushika.

Tuanze na sentensi inayobandikwa karibu kila ukurasa wa mitumba: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Wauzaji huitegemea kupita uwezo wake. Kwenye meza ya soko la Sido mteja hushika nguo, huigeuza ndani nje, hujaribu zipu, hujipima. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inalitambua hilo: aliyekagua hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuionyesha. Lakini mteja wa Mafinga aliyeagiza kwa simu hajakagua kitu. Amenunua maelezo yako na picha yako, na sheria hiyo hiyo inataka mali inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo. Ukiandika "sufu tupu, haina doa", kisha likafika sweta la nailoni lenye doa la kutu mkononi, ile sentensi yako haikukingi. Tena Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na nguo kuwa imeshavaliwa hakukupi ruhusa ya kumpotosha.

Mteja naye ana wajibu wake. Sheria humpa nafasi ya kutosha ya kuikagua mali baada ya kuipokea, lakini akikaa nayo muda kupita ilivyo kawaida bila kusema neno, anahesabiwa ameikubali. Kwa hiyo ni halali na ni busara kuandika kwenye tangazo: "Ukipokea mzigo, kagua na unijulishe ndani ya saa 24, kabla hujafua wala kuvaa." Maneno hayo yanamkumbusha mteja kuwahi, na nawe yanakulinda dhidi ya anayevaa koti harusini Jumamosi kisha Jumatatu akadai halimfai.

Sasa saizi, maana hakuna jambo linalozaa ugomvi kama hili. Balo moja hubeba nguo zilizoshonwa kwa masoko tofauti, na namba za lebo hazifanani. Gauni namba 12 la Uingereza ni sawa na namba 8 ya Marekani, na kwa namba za Ujerumani ni 38 au 40. Gauni lenye 12 ya Marekani linakaribia 16 ya Uingereza. Wewe umeandika "saizi 12" kwa nia njema kabisa, mteja ameelewa 12 yake, na wote wawili mnasema kweli. Jaketi lenye L lililoshonwa kwa soko la Korea au China mara nyingi humbana anayevaa L ya Marekani. Kuna na hili la nguo kuwa imeshafuliwa mara nyingi kabla haijafika kwako: sweta la sufu lililopita kwenye maji ya moto hujikunyata, lebo inaendelea kusema L wakati nguo imeshakuwa ya mtoto wa sekondari.

Lebo itaje kama habari tu. Kipimo cha kutegemea kiwe cha futi ya fundi cherehani. Laza nguo mezani, inyooshe bila kuivuta, upime kwapa hadi kwapa, bega hadi bega, urefu wa mkono, na urefu kutoka begani hadi upindo. Suruali ipime kiuno, nyonga, na mguu kwa ndani. Kisha useme kipimo ni cha upande mmoja au cha mzunguko, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Muuzaji anaandika "kifua 20" akimaanisha upande mmoja, mteja anayejijua kuwa na kifua cha inchi 38 anabaki anashangaa, au anaagiza kwa kubahatisha. Andika: "Kwapa hadi kwapa inchi 20, mzunguko 40." Halafu mwombe apime nguo yake mwenyewe inayomkaa vizuri na alinganishe, badala ya kujipima mwilini. Kazi hii haimalizi dakika tano kwa nguo moja, nami sijaona dakika tano zenye faida kuliko hizo katika biashara hii.

Picha piga nje, kivulini, mchana. Balbu ya manjano ya chumbani huifanya bluu iliyokolea ionekane nyeusi, na krimu ionekane njano. Filta weka kwenye picha zako binafsi. Nguo isimame peke yake kama ilivyo, mbele, nyuma, lebo, ndani ya kola na makwapani. Penye tundu au doa, weka sarafu ya shilingi 200 pembeni ili mteja aone ukubwa wenyewe. Zipu irekodi video fupi ikipanda na kushuka. Kuna wauzaji wanaohofia kwamba kuonyesha kasoro kutafukuza wateja. Mteja wa mtumba anajua mtumba ni mtumba. Atalikubali doa aliloliona na kulipia, na hatalisamehe alilofichwa. Na neno "gredi A" lisiwe mbadala wa maelezo. Gredi ni ya balo, na hata balo zuri hutoa nguo mbovu.

Nguo za ndani za mtumba usiziuze kabisa. TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, imezipiga marufuku, na ugomvi juu yake huwezi kuupeleka mbele ya mtu yeyote.

Mzigo ukiondoka mikononi mwako, swali linakuwa la nani anabeba hasara ukipotea au ukilowa. Kwa kawaida, kama mmekubaliana utume, kumkabidhi msafirishaji huhesabiwa kama umemkabidhi mnunuzi. Wauzaji hufurahi wakisikia hivyo, lakini wasikilize na sehemu ya pili: sheria inakutaka ufanye mpango wa maana na huyo msafirishaji. Kumpa konda mfuko dirishani pale stendi ya Nanenane, bila risiti wala jina, si mpango wa maana, na mteja anaweza kukataa kuhesabiwa kuwa amepokea. Pitisha mzigo ofisi ya vifurushi, andika jina na namba ya mpokeaji, andika kilichomo, kisha mtumie mteja picha ya risiti na namba ya basi hapo hapo. Funga kwa nailoni nzito, maana mvua za Januari haziulizi mzigo ni wa nani. Kabla ya kufunga, pitisha uzi mdogo wa rangi kwenye tundu la kifungo au mshono wa ndani na uupige picha. Nguo ikirudishwa, uzi ule utakuonyesha kama iliyorudi ni yako au umeletewa nyingine.

Malalamiko yakija, jibu siku hiyo hiyo. Ukimya wa siku mbili humfanya mteja aamini ametapeliwa, hata kama wewe ulikuwa unahudhuria msiba. Jibu la kwanza lisiwe la kujitetea. Kama ni mama wa Makete anayesema koti halifungi, mwandikie: "Shikamoo mama. Pole kwa usumbufu. Naomba unipigie picha ya koti likiwa limelala mezani, lebo, na hiyo zipu. Naangalia na tangazo langu, nakujibu kabla ya saa kumi na mbili jioni." Halafu timiza hiyo saa kumi na mbili. Soma tangazo lako kama vile limeandikwa na mtu mwingine, ulinganishe na picha alizotuma.

Ukiona kosa ni lako, kubali bila kuzunguka. Mrudishie hela yake pamoja na nauli aliyolipia mzigo, na nauli ya kurudisha nguo iwe juu yako. Sweta la shilingi elfu saba lililoko Sumbawanga halina maana kulirudisha. Nauli italila lote. Afadhali umpe punguzo abaki nalo, au umwachie. Nguo ya bei kubwa ikubalieni irudi kwanza: akabidhi ofisi ya basi, akutumie picha ya risiti, na wewe ulipe siku utakayoipokea na kuikagua. Yaandikeni makubaliano hayo kwenye meseji hata kama mmeshaongea kwa simu.

Kama nguo ni ile ile uliyoieleza na mteja amebadili mawazo tu, ushauri wangu ni kukubali kubadilishana, nauli ya kwenda na kurudi ikiwa yake. Usimkatalie kwa maneno makali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina sehemu ya kumlinda mlaji anayenunua mtandaoni, na muuzaji asiyejali kumpa mteja taarifa kamili kabla ya kuagiza atakuwa anajenga kesi dhidi yake mwenyewe.

Wapo pia wanunuzi wasio waaminifu. Kuna anayetuma meseji ya kughushi inayofanana na ya muamala. Usipakie mzigo kwa meseji. Angalia salio lako mwenyewe, kwa M-Pesa *150*00#, kwa Airtel Money *150*60#. Kuna anayelipa kweli, akapokea mzigo, kisha akapiga simu kwa kampuni ya mtandao na kudai alikosea namba ili muamala urudishwe. Hapo kinachokuokoa ni mazungumzo yenu pamoja na risiti ya basi, vipeleke huduma kwa wateja mapema. Na anayesema amezidisha hela na anataka irudi kwenye namba nyingine, mwambie unarudisha kwenye namba iliyolipa tu. Meseji za kitapeli zitume kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa kazi hiyo.

Kuna jambo linaloniumiza kuliko mengine yote. Muuzaji aliyedhulumiwa, mwenye haki yake kabisa, anachukua picha ya mteja, jina na namba ya simu, anaandika "TAPELI HUYU MSAMBAZENI" kwenye magrupu ya Mbeya, Iringa na Njombe. Kuanzia hapo yeye ndiye anayeweza kushtakiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haiziachi taarifa ulizopewa kwa ajili ya kutuma mzigo zitumike kwa kumfedhehesha mtu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa uongo na unyanyasaji unaosambazwa mtandaoni. Mnaweza kuwa mlitofautiana tu kuhusu inchi mbili za kifua, na binti wa watu ameshaitwa mwizi kijiji kizima. Mnunuzi naye asimfanyie muuzaji hivyo.

Mazungumzo yakishindikana, tafuteni msuluhishi mnayemheshimu wote, hata mwenyekiti wa mtaa. Wizi wa wazi upeleke polisi. Dai la fedha ndogo lina mahali pake Mahakama ya Mwanzo, na huko utaulizwa ushahidi. Sheria ya mwaka 2015 ya miamala inautambua ushahidi wa kielektroniki, ila mahakama hupima jinsi ulivyotunzwa kabla ya kuuamini. Kwa hiyo zima kile kipengele cha meseji kujifuta zenyewe. Skrinishoti ionyeshe namba na tarehe, isikatwe kubakiza maneno yanayokupendeza wewe. Tangazo ulilouzia usilifute hata kama nguo imeshaondoka, hifadhi risiti za basi kwenye bahasha, na simu yenye mazungumzo usiiuze wala kuisafisha mpaka shauri liishe.