Mchunga: usiumwage uchungu wote

Masika yakikolea, meza za mboga Tandika, Dar es Salaam, hupata mafungu ya majani marefu, membamba, yaliyokatikakatika pembeni. Juzi dada mmoja aliuliza kama ule ni mchicha. Bibi muuzaji akavunja jani, utomvu mweupe ukamchuruzika kidoleni. "Mchicha una maziwa, mwanangu?"

Ni mchunga, ambao sisi watu wa mimea tunauandika Launaea cornuta. Ni ndugu wa saladi. Ukiuacha uchanue utaona ua dogo la njano, kisha mbegu zenye sufi zinazopeperuka. Utomvu peke yake usikudanganye: mnyaa nao unao, na ule ukikuingia jichoni utajuta. Mkulima haupendi mchunga, maana jembe likikata mizizi, kila kipande huchipua upya. Mama yangu aliung'oa asubuhi kwa hasira, jioni akaupika.

Na hapo kwenye kupika ndipo ninapogombana na watu. Wengi huchemsha mara mbili, hata tatu, wakimwaga maji mpaka uchungu uishe. Unaisha kweli, lakini vitamini C huyeyuka kwenye maji, nayo imekwenda na uchungu wako. Mimi nanunua majani machanga, kabla mmea haujatoa ua. Nakatakata, nachemsha mara moja, dakika chache tu, namwaga. Uchungu uliobaki naupunguza kwa mchicha: fungu moja la mchunga kwa mawili ya mchicha. Kitunguu, nyanya, halafu tui zito mwishoni, nikikoroga lisikatike. Tui hapo si la utamu tu. Karotini ya majani, ambayo mwili huigeuza vitamini A, hufyonzwa vizuri penye mafuta. Uchungu unaobaki ni wa mbali, unakuja ukishameza tonge. Kwa ugali na dagaa wa kukaanga, mimi sitaki mboga nyingine.

Utaambiwa pia unatibu kisukari. Wewe ule kama mboga tu, dawa za hospitali usiache.

Ukitaka kuchuma mwenyewe, epuka kandokando ya barabara na bonde la Msimbazi, maana mto ule unapokea maji taka ya jiji. Wangu naupata nyuma ya nyumba, Kigamboni, mahali ninapojua hapajapigwa dawa. Jirani ameshaniuliza mara mbili kwa nini sipalilii.