New York hadi Los Angeles siku mbili? Acheni utani

Jamani hii stori inazunguka sana hapa Ngamiani, kila mwenye shemeji Marekani anapanga kukodi gari na familia nzima wakate nchi toka New York mpaka Los Angeles, eti ramani ya simu inasema masaa 41 kwahiyo siku mbili wamefika. Hayo masaa ni ya gari kutembea tu, haijahesabu mtu kulala wala mtoto anayetaka chooni! Njia yenyewe ni kama kilomita 4,500, yaani Tanga-Dar mara kumi na tatu hivi, na ya Dar tu tukishuka kiuno hakipo. Ukiendesha masaa 7 kwa siku, ambayo na watoto tayari ni mengi, hiyo ni siku sita za barabara tupu hujaona kitu. Mkitaka kuona Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, mnachepuka toka barabara kuu ya I-40 pale mji wa Williams, karibu kilomita 95 kwenda na hizo hizo kurudi, siku nyingine imeliwa. Mi ningesema wiki mbili, au chagueni kipande. Halafu gari ukikodi huku ukaliacha kule mara nyingi wanakuongezea hela, ulizeni kabla ya kulipa.