Kipimo cha mbio za kasi za kujirudia: asilimia ndogo isikudanganye

Msimu wa vipimo vya wachezaji wa soka umeanza, na malalamiko nayo yameshafika mezani. Mengi ni yaleyale: mchezaji "amefelishwa" kwa sababu asilimia yake ya kushuka kasi ni kubwa kuliko ya mwenzake. Kipimo hiki hakina kufaulu wala kufeli. Tumeshalisema hili.

Utaratibu ni mbio 6 za mita 40. Mchezaji anakimbia mita 20, anakanyaga mstari, anageuka na kurudi mita 20. Anapumzika sekunde 20, anatoka tena. Husimama nusu mita nyuma ya mstari wa kuanzia ili asikate mwanga wa kihisi, kifaa kinachoanzisha saa, kabla hajaondoka. Asipokanyaga mstari wa kugeukia, jaribio zima linafutwa. Hatuongezi sekunde wala hatukadirii. Saa ya mkononi pia haikubaliki. Kidole huweza kukosea kwa sehemu 2 za kumi za sekunde, na tofauti tunayoitafuta mara nyingi ni ndogo kuliko hiyo. Makocha wanaoleta karatasi za stopwochi wanajisumbua bure.

Asilimia hupatikana hivi: zidisha muda bora mara 6, kisha angalia jumla ya muda wa mbio zote imeupita kwa kiasi gani. Tuchukue mfano wa winga aliyeanza kwa sekunde 7.00 akamaliza kwa 7.45, jumla 43.40. Ameshuka asilimia 3.3. Beki naye kakimbia zote kati ya 7.50 na 7.55, jumla 45.12, sawa na asilimia 0.3. Benchi zima linampigia beki makofi. Lakini mbio ya mwisho ya winga, akiwa hoi, bado imeipita mbio bora ya beki! Ndiyo maana sisi huanza na wastani, 7.23 dhidi ya 7.52. Asilimia tunaisoma kwa tahadhari, maana huyumba hata mchezaji yuleyule akirudia kipimo.

Pengine beki alijibania nguvu. Kwa hiyo kila mchezaji hukimbia kwanza mbio moja peke yake, akapumzika dakika 5. Mbio ya kwanza ya kipimo ikiwa nzito kuliko hiyo kwa zaidi ya asilimia 2.5, tunasimamisha, anapumzika dakika 5 nyingine na kuanza upya. Hiyo si adhabu.

Kuhusu mazoezi, wachezaji kuzungushwa uwanja kwa mwendo mmoja hakutoshi. Mbio fupi hutegemea sana fosfokreatini, akiba ya nishati ya haraka iliyo ndani ya misuli, na sekunde 20 haziirudishi yote. Pumzi nzuri huharakisha kurudi kwake, ila haimfanyi mzito kuwa mwepesi. Kasi yenyewe nayo ifundishwe.

Aliyecheza mechi jana asiletwe leo. Mwenye maumivu ya misuli ya nyuma ya paja aje na ruhusa ya daktari kwa maandishi. Ya mdomo hatupokei.