Kuongeza uwezo wa kukamua tope

Kukamua tope ni kutenganisha maji na yabisi katika tope linalobaki majitaka yanapotibiwa, au linaloletwa na magari ya kunyonya makaro na vyoo vya shimo. Kuongeza uwezo wa kukamua ni kuuwezesha mtambo kushughulikia yabisi nyingi zaidi kwa siku. Maana yenyewe inaishia hapo. Kinachokera ni kwamba hapa Mtwara, kila jambo hili linapozungumzwa, hakosekani wa kuhitimisha kuwa basi mji utaweza kupeleka magari mengi zaidi, na kwamba tope litatoka likiwa kavu, tayari kwa shamba.

Tope lenye yabisi asilimia 2, likikamuliwa hadi asilimia 20, hupungua ujazo mara kumi, yaani mita za ujazo 100 hubaki takriban 10. Ni unafuu mkubwa kwa anayelipia usafiri, lakini hizo 10 bado ni maji kwa asilimia 80, kama mabibo yaliyotoka kukamuliwa, ambayo yanashikika ila hayajakauka. Wala kukamua hakuui mayai ya minyoo. Kuyaua kunataka joto, chokaa au kulihifadhi tope kwa miezi mingi.

Maji yaliyokamuliwa nayo hayapotei. Hurudi, yakiwa na amonia nyingi, kwenye mabwawa ya kutibia majitaka, kwa hiyo anayepanua ukamuaji na kuyasahau mabwawa huenda akawa ameyazidishia mzigo.

Penye vitanda vya mchanga na kokoto badala ya mashine, tope humwagwa kwa kina cha sentimita 20 hadi 30, maji mengi yakachujika siku za mwanzo, kisha jua likamalizia mpaka uso upasuke nyufa na vibarua waweze kulikwangua kwa koleo. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na eneo lililotosha Agosti halitoshi Februari. Ndiyo maana uwezo wa vitanda hupimwa kwa kilo za yabisi kwa mita ya mraba kwa mwaka. Idadi ya magari haisemi kitu, kwa kuwa moja huleta maji ya karo yaliyo mepesi na jingine tope zito la shimo.

Anayesema uwezo umeongezeka hajakosea, ila aongeze maneno machache: uwezo wa kukamua, kilo ngapi za yabisi, na katika msimu upi.