Je, wajua chembe 4 kati ya 10,000 zinavyoweza kuipasha dunia joto?

Chukua chembe 10,000 za hewa kavu. Karibu 7,800 ni naitrojeni, karibu 2,100 ni oksijeni, na zaidi ya 90 ni gesi ya agoni. Hewa ya ukaa, ile inayolaumiwa kila yanapotajwa mabadiliko ya tabianchi, ni chembe 4 tu na ushei. Hivi hizo 4 zinawezaje kuishinda nguvu ya halaiki ya wenzao? Wengi huuliza kwa kejeli, lakini swali lenyewe ni zuri.

Tuanze na jinsi dunia inavyopoa. Jua hutuletea mwanga. Ardhi na bahari huunywa, hupata joto, kisha hulitoa kwa miale isiyoonekana kwa macho. Sogeza kiganja karibu na ukuta uliopigwa na jua kutwa nzima, hata kama giza limeshaingia, utaihisi. Dunia haina njia nyingine ya kulitoa joto lake nje, maana huko kwenye utupu hakuna upepo wa kulibeba.

Sasa, naitrojeni na oksijeni haziigusi miale hiyo. Kila chembe yake ni atomu mbili pacha, na miale ya joto huipita kana kwamba haipo. Chembe ya hewa ya ukaa ina atomu tatu, kaboni katikati na oksijeni huku na huku. Ikikutana na mwale unaoifaa, hujipinda na kutikisika, na mwale umenaswa. Joto lililonaswa husambaa pande zote, sehemu yake ikirudi chini. Kwa hiyo karibu umati wote ule ni walinzi waliolala. Walio macho langoni ni wale 4. Na mwale hauvuki lango moja: una kilomita nyingi za hewa mbele yake, na kila hatua wanne wengine wanausubiri.

Haya si mambo ya jana. Mwaka 1856 Mmarekani Eunice Foote alijaza gesi mbalimbali kwenye mitungi ya kioo, akaianika juani. Ule wa hewa ya ukaa ulipata joto kuliko mingine na ukachelewa kupoa.

Nitoe angalizo: gesi hii si adui. Bila gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto kama hii, wastani wa joto duniani ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya nyuzi 15 juu yake. Shida ni kipimo. Kabla ya enzi ya viwanda, katika zile 10,000 zilikuwamo chembe 2.8, leo zimepita 4.2. Nyongeza ya nusu nzima! Imetokana hasa na makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, yaani kaboni iliyolala ardhini mamilioni ya miaka. Mvuke wa maji nao hunasa joto, tena zaidi, ila baada ya siku chache hunyesha ukawa mvua. Sehemu ya hewa ya ukaa tunayoiongeza hukaa karne na karne.

Huenda ukasema, labda ni jua tu limezidi ukali. Kama ni jua, anga lote lingepata joto, chini hadi juu. Vipimo vya maputo na setilaiti kwa miongo kadhaa vinaonyesha kingine: tabaka la chini, tunamoishi, linazidi kupata joto, huku stratosfia, tabaka lililo juu yake, ikizidi kupoa.